Gari la kwanza: kabla hujakata springi

Swali: Nimenunua gari langu la kwanza, dogo la milango mitano, injini ya 1.5, lina zaidi ya miaka 15. Rangi imepauka, taa za mbele zina utando wa njano na viti vina madoa. Nataka kulishusha, kulivalisha rimu za 17 badala ya 14 za sasa, niweke balbu za LED na ekzosi yenye mlio. Rafiki yangu anasema springi hazina haja ya kununuliwa, unakata koili moja kwa grenda basi. Sijawahi kushika spana. Nianzie wapi?

Jibu: Springi usikate. Sababu zake zinakuja huko mbele, kwa sasa iache grenda ilale.

Gari la umri huo linakuja na madeni ya waliolimiliki kabla yako: oili iliyopitiliza muda, maji ya breki yaliyogeuka rangi ya chai, bushi (mipira ya kwenye viungio vya miguu ya gari) zilizopasuka. Ukilishusha na kulivalisha rimu kubwa kabla hujayalipa madeni hayo, kila mtikisiko utakaousikia utakuchanganya, usijue unatoka kwenye rimu mpya au kwenye boljointi (kiungo kinachozunguka kinachoshika gurudumu) iliyokufa mwaka juzi. Ndiyo maana utaratibu wa kazi hii una uzito kuliko spea utakazonunua. Kwanza gari lisimame sawasawa na lishike njia. Pili lisafishwe. Mabadiliko yaje mwisho, tena yale ambayo ukiyajutia unaweza kuyarudisha nyuma.

Anzia chini ya gari. Liinue kwa jeki mahali penye sakafu ngumu, kisha lilaze juu ya stendi kabla hujaingiza hata mkono. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Sili yake ikichoka gari linashuka bila kuaga. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, beringi au boljointi imekwisha. Lishike kushoto na kulia ufanye vilevile. Hapo mchezo kwa kawaida unatoka kwenye tairodi, ile fimbo inayogeuza gurudumu, au kwenye sterini yenyewe. Tazama shokapu: vumbi kavu ni la kawaida, bali ikiwa imelowa oili kwenye mwili wake, sili imekwenda. Lile jaribio la kukandamiza kona ya gari na kuliachia linakamata shokapu iliyokufa kabisa tu, kwa hiyo lisikutulize.

Kwenye breki, pedi ikibaki na unene wa mm 3 ibadilishe, na siku zote badilisha kushoto na kulia pamoja. Maji ya breki watu huyasahau kwa sababu hayapungui sana. Shida yake si kupungua. Yananyonya unyevu wa hewa taratibu kupitia mipira na kifuniko. DOT 4, aina ya maji ya breki inayotumika sana, ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 155. Ukiteremka mlima mrefu huku mguu uko kwenye breki, maji yanachemka ndani ya kalipa (kile kinachobana pedi), yanatoa mvuke, na mvuke, tofauti na maji, unakubali kubanwa. Pedali inazama hadi chini na gari halisimami. Yabadilishe yote kila baada ya miaka 2, na kama hujui yalibadilishwa lini, hesabu kwamba muda umepita.

Matairi yana tarehe ubavuni. Tafuta herufi DOT, soma tarakimu 4 za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani lenye nyufa ubavuni ni la kutupwa hata kama meno yamejaa. Nchi nyingi zimeweka mm 1.6 kuwa kina cha chini cha meno, lakini kwenye mvua tairi la mm 3 tayari limeshaanza kuteleza juu ya maji. Kama una fungu moja tu la pesa kwa mwezi huu, liende hapa.

Upande wa injini kazi ni ya kawaida: oili na filta yake, filta ya hewa, plagi, kulanti, mikanda. Kwenye rejeta usijaze maji matupu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kulanti na maji yaliyotakaswa unazuia kutu na unapandisha kiwango cha kuchemka, na kifuniko hufunguliwa injini ikiwa baridi tu. Uliza kama gari lako lina mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali kwa mpangilio na pistoni, au cheni. Kama ni mkanda na hakuna kumbukumbu ya lini ulibadilishwa, ubadilishe pamoja na wata pampu, maana kuifikia pampu ni kazi ileile ya kufungua. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika vali zinagongana na pistoni, na hapo hutatengeneza mkanda tena, utatengeneza injini.

Kabla hujachomoa waya wowote, tafuta kifaa cha kusomea kodi za hitilafu, yaani namba za makosa ambazo kompyuta ya gari imeziweka; ni kile kinachochomekwa chini ya dashibodi. Andika kodi zote zilizomo. Usizifute kwanza. Baada ya kufunga vitu vyako utajua ipi ni ya zamani na ipi umeileta mwenyewe.

Sasa usafi, kwa sababu rangi iliyopauka mara nyingi haijafa, imechafuka na kukwaruzika tu. Tumia ndoo 2, moja ya sabuni ya magari na moja ya maji ya kusuuzia glavu, ili mchanga ulioutoa kwenye mlango usiurudishe kwenye boneti. Osha kuanzia juu kushuka chini, rimu ziwe na kitambaa chao. Sabuni ya vyombo inang'oa nta yote, kwa hiyo itumie mara moja tu, siku unayotaka kuanza upya. Gari likikauka, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi upapase boneti. Ukisikia vijipunje, ni utomvu na vumbi la chuma vilivyonasa. Hivyo huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi ukiwa umelowanishwa, si kwa kukwangua kwa kucha.

Baada ya hapo ndipo kompaundi, dawa inayosugua na kung'arisha rangi. Jaribu kwanza kipande cha sentimita 50 kwa 50 uone inaleta nini. Ukiona kitambaa kimeshika rangi ya gari, ujue rangi yako haina kliya (tabaka la juu lisilo na rangi) juu yake, au kliya imekwisha pale. Mahali ilipo, kliya huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, na kila unapopiga kompaundi unakula kidogo, kwa hiyo hii si kazi ya kila mwezi. Kingo za boneti na milango ziruke au zifunike kwa tepu, kwani hapo rangi ni nyembamba na ndipo wanaojifunza hutobolea. Mahali kliya imeshabambuka kama ngozi iliyoungua na jua hakuna polishi itakayoirudisha. Hapo ni kupaka upya. Maliza kwa nta.

Kutu ina sheria yake. Bonyeza kwa bisibisi chini ya milango, ndani ya upinde wa fenda na kwenye vizingiti. Ikizama, ni kazi ya kukata na kuchomelea, mpelekee fundi bodi. Ikiwa ya juujuu, kwangua mpaka uone chuma cheupe, piga msasa 80 kisha 180 kisha 320, paka dawa ya kutu, praima, rangi, kliya. Kosa linalorudiwa sana ni kupulizia lami ya chini ya gari juu ya kutu hai: inaonekana nyeusi safi, kumbe unyevu umefungiwa ndani na chuma kinaendelea kuliwa gizani. Ukiwa hapo zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango kwa waya laini. Vikiziba, mlango unageuka ndoo.

Ndani si pa kukaa sana. Fyonza vumbi kwanza, kisha viti visuguliwe kwa povu na brashi laini bila kulowesha sponji, ambayo huchukua siku nyingi kukauka na kunuka. Usipake mafuta ya kung'arisha kwenye pedali wala usukani, na kwenye dashibodi chagua yasiyometa, maana yale yanayometa yanarudisha mwanga kwenye kioo cha mbele. Ukinunua makava ya viti, hakikisha hayafuniki ubavu wa kiti kama humo ndani mna eabegi.

Tumefika kwenye springi. Ugumu wa springi unategemea idadi ya koili zinazofanya kazi: ukipunguza koili, inakuwa fupi na ngumu kwa mpigo mmoja. Ule mwisho wake uliotengenezwa ukae kwenye kikombe unaondoka, inabaki ncha. Gurudumu likining'inia juu ya shimo, springi fupi inalegea kwenye kikombe chake, na likirudi chini springi inaweza kukaa upande. Ukiikata kwa gesi badala ya grenda, joto linaharibu chuma pale pale na itakuja kuvunjika. Shokapu nayo inalazimika kufanya kazi karibu na mwisho wa safari yake, ikigonga mpira wa chini kila mara, na haitamaliza muda mrefu.

Njia sahihi ni springi fupi zilizotengenezwa kwa modeli yako, zinazoshusha kati ya mm 25 na 35, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Kazi ya kuzifunga mwachie fundi mwenye kifaa cha kubania springi, kwa kuwa springi iliyobanwa ikichomoka inaweza kuua mtu. Lakini simama pale umkumbushe mambo mawili. La kwanza, boliti za bushi za mikono ya chini zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, mpira wa bushi unabaki umesokotwa muda wote na utachanika mapema. La pili, alaimenti, yaani kupima na kunyoosha pembe za magurudumu. Kushusha gari kunabadilisha pembe za tairodi, matairi yanaangalia pembeni bila wewe kuona, na yanaliwa upande wa ndani hadi waya zitoke ilhali upande wa nje bado yana meno. Baada ya hapo rekebisha pia mwelekeo wa taa za mbele.

Kuhusu rimu za 17, piga hesabu ya kipenyo kabla ya kupenda muundo. Tuseme gari lako linavaa 175/65R14. Ubavu wa tairi ni 65% ya mm 175, yaani mm 113.75. Zidisha kwa 2 upate 227.5, ongeza rimu, inchi 14 mara 25.4, ambayo ni 355.6. Jumla ni mm 583. Fanya hivyohivyo kwa 205/45R17 utapata mm 616, zaidi kwa karibu 6%. Tairi hilo litasugua fenda ukikata kona, gari litakuwa zito kuondoka, na spidomita ikisema 100 wewe utakuwa umeshaikaribia 106. Ukienda 205/40R17 kipenyo kinarudi mm 596, ambacho ni zaidi kwa 2% tu na kinavumilika, lakini ubavu umebaki mm 82. Hapo shimo moja linatosha kupinda rimu. Sasa jaribu 185/55R15: mm 584.5. Ni kama hakuna kilichobadilika, isipokuwa gari linashika kona vizuri zaidi na rimu inaonekana kubwa. Kwa injini ya 1.5 ningesimama hapo kwenye 15, na si kwa uoga: rimu ya 17 ya bei nafuu huwa nzito, na uzito wa gurudumu unausikia kwenye kila tuta.

Vipimo vingine vinne vya kuandika kwenye simu kabla hujaenda kununua. Idadi ya matundu ya boliti na kipenyo cha duara lake, kwa mfano 4x100: matundu 4 kwenye duara la mm 100. ET, yaani umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya rimu: ukitoka ET45 kwenda ET35, kwa upana uleule, gurudumu linatoka nje mm 10. Tundu la katikati: likiwa kubwa kuliko habu yako (kitovu ambacho rimu hukaa juu yake), nunua ringi za kujazia, la sivyo usukani utatetemeka hata kama tairi limepigwa balansi. Na namba ya mzigo ubavuni mwa tairi, isiwe chini ya ile ya kiwandani. 82, kwa mfano, ni kilo 475 kwa tairi moja. Tazama pia umbo la nati. Rimu zenye kiti cha koni hazikai na nati za mviringo, zitalegea ukiwa barabarani. Kaza kwa mtindo wa nyota, si kwa kufuata duara, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia. Magari ya ukubwa huu mengi hutaka karibu Nm 100, lakini namba ya mwisho ni ya kitabu cha gari lako. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena.

Balbu za LED ndani ya taa iliyoundwa kwa halojeni siziungi mkono. Kioo cha ndani cha taa kimepigiwa hesabu kwa waya mdogo uliokaa mahali pamoja pa balbu ya halojeni. Chipu za LED zikikaa tofauti, hata kwa milimita chache, mwanga unatawanyika: mbele yako panaonekana peupe, mbali pana giza, na anayekuja mbele yako haoni kitu. Nchi nyingi hazizipitishi kwenye ukaguzi. Kabla ya kulaumu balbu, washa injini na taa, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye soketi ya balbu. Tofauti ikizidi nusu volti, una kutu kwenye viungio au kwenye waya wa bodi. Halojeni iliyopungukiwa 10% ya volti hupoteza karibu 30% ya mwanga wake, kwa hiyo kusugua kiungio kimoja kunaweza kukupa kile ulichotaka kununua. Balbu mpya usiishike kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanatengeneza doa la joto na kioo kinapasuka.

Ukitaka taa za ziada za ukungu, fuata hesabu hii hii kwa kila kitu cha umeme utakachoongeza. Taa 2 za wati 55 ni wati 110. Gawa kwa 12, unapata ampea 9.2. Weka fyuzi ya 15, waya wa mm² 2.5, na rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa. Umeme mkubwa unatoka betri, unapita fyuzi, unaingia rilei namba 30 na kutoka 87 kwenda kwenye taa. Swichi inaendesha 85 na 86 tu. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwani kazi yake ni kulinda waya; kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi, na kikikwaruzwa na bodi ndicho kinachowaka moto. Anza kwa kuchomoa hasi ya betri. Waya ukipita ukuta wa injini upite ndani ya mpira. Usiunge kwa kusokota na tepu, bana kwa viunganishi vya kubanwa. Waya za njano chini ya usukani na dashibodi kwa kawaida ni za eabegi: usizipime, usizichokonoe.

Ekzosi ya mlio ni mlio tu. Bomba nene kwenye injini ndogo linapunguza kasi ya moshi, na nguvu ya chini unayoitumia kila siku inapungua. Badilisha silensa ya nyuma peke yake, acha masega (kifaa cha kusafishia moshi) mahali pake. Yakitolewa taa ya injini inawaka kwa sababu sensa ya oksijeni inaona moshi usiosafishwa. Maungio yasivuje hata kidogo, maana moshi unaoingia ndani ya gari una kaboni monoksidi, isiyo na harufu. Na ile filta ya hewa ya koni iliyoachwa wazi chini ya boneti inavuta hewa ya moto, ambayo ina oksijeni kidogo kuliko ya nje. Unapata kelele, unapoteza nguvu.

Kila ulichofungua kiweke kwenye mfuko wenye lebo na boliti zake. Mjulishe bima yako kuhusu springi na rimu kabla ya kuzifunga, usisubiri ajali.

Kama mikono inakuwasha na unataka kuona tofauti wikendi hii, fanya zile taa za njano. Zungushia taa tepu nene tabaka 2 ili msasa usile rangi ya fenda. Lowanisha msasa 800 na kioo chenyewe, usugue kwa mistari ya kulala mpaka maji yanayotiririka yaache kuwa ya njano na yawe meupe. Hapo umefika mwisho wa utando wa zamani. Ukiacha mapema utabaki na viraka. Nenda 1000 kwa mistari ya kusimama, ili uone mikwaruzo ya msasa uliotangulia imekwisha kabla ya kuendelea, kisha 1500 na 2000 ukigeuza mwelekeo kila mara. Taa itaonekana mbaya kuliko ulivyoanza, ya ukungu mweupe, na usiogope. Kompaundi itaifungua. Kisha ifute kwa spiriti, iache ikauke, na upulizie kliya yenye kinga ya mionzi ya jua, matabaka 2 mepesi badala ya moja zito litakalochuruzika. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi wanairuka, kwa sababu taa tayari inang'aa, na baada ya miezi michache njano inarudi, maana kinga ya kiwandani uliimaliza kwa msasa. Tepu uibandue wakati kliya ingali laini kidogo, ukiivuta kwa pembe, na gari lisilale nje kwenye umande usiku huo.